Wimbo Nyuma ya Ukuta wa Jikoni

Siku moja naikumbuka kuliko siku nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, na wala haikuwa sikukuu. Ilikuwa alasiri ya kiangazi hapa Kolwezi, vumbi jekundu limetua juu ya majani ya mihogo, nami nimeketi kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa jikoni wa watu, nimefumba macho, nikimsikiliza mama mmoja akivumisha wimbo usio na maneno. Mama huyo sikumwona. Sikuruhusiwa kumwona. Lakini kila nilichokuja kuwa nacho, mke, watoto, hata nyumba hii ulimoketi sasa ukinung'unika, kilitoka nyuma ya ukuta ule.

Ndiyo, nimesema ukinung'unika. Nakuita mwanangu ingawa umezaliwa na dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kukuambia ukweli. Umeshuka basi la Fungurume asubuhi, chai hujaimaliza, na tayari umenieleza mara kadhaa kwamba mama wa huyo binti unayetaka kumwoa hataki kukujibu, kwamba mila hizi zimepitwa na wakati, kwamba utamwendea uso kwa uso umalize maneno. Tulia kwanza. Kawia ufike, walisema waliotutangulia. Acha nikurudishe nyuma kidogo, kabla simu yako haijalia tena.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, nikijifunza ufundi wa saa kwa mzee tuliyemwita Tata Mwilambwe, hapahapa mtaa wa Manika. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, kimejaa saa kuukuu za ukutani na za mezani, zile ambazo wazungu wa mgodi waliziacha au waliwauzia wafanyakazi wao. Nyingi zilijua kugonga tu. Chache zilikuwa saa za muziki, na hizo ndizo alizozipenda kama mzazi anavyompenda mtoto msumbufu. Ndani ya saa ya namna hiyo mna silinda ya shaba iliyopandwa vimisumari vidogo kuliko punje ya ulezi. Silinda inazunguka polepole, kila kimsumari kinainua nyundo yake ndogo, nyundo inaangukia kengele yake, na wimbo unatoka. Hakuna siri nyingine mle. Hata hivyo mimi, na mvi zangu hizi, nikifungua mlango wa saa ya muziki huwa natembeza mikono polepole, kama nimeingia chumba alimolala mtu.

Tata Mwilambwe hakufungua saa yoyote bila kugonga kwanza ubao wake kwa kidole na kusema, "Odi, bafundi." Maana nyuma ya bamba la mitambo, mahali ambapo mwenye saa hapaoni, kila fundi aliyewahi kuishika alikuwa amekwaruza alama yake kwa ncha ya sindano. Alikuwapo yule wa kwanza aliyeiunda huko ng'ambo, wakafuata wengine na wengine, baadhi wakiwa na majina tusiyoweza hata kuyatamka. Wengi wao walikuwa udongoni zamani. Mwalimu wangu aliwapigia hodi, kisha akangoja kweli, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyesimama mlangoni pa wenyewe. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa nangoja pamoja naye, na zipo siku, usimwambie mtu, nilihisi nimekaribishwa.

Saa ninayotaka kukuambia habari zake ililetwa na Tata Kabeya, mzee wa asili ya Kasai, wa zile familia zilizoletwa huku zamani kufanya kazi ya mgodi. Mwenye saa hasa alikuwa mkewe, Mama Mbombo, aliyeachiwa na baba yake. Huyo baba alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya mgodi, na kwa kuwa wimbo wa kizungu uliokuwamo haukumwambia kitu, aling'oa vimisumari vyote akapanda upya wimbo alioutunga mwenyewe binti yake alipozaliwa. Hebu ifikirie kazi hiyo. Mtu ameshinda akichonga vyuma vya mashine, anarudi nyumbani, ananawa, anakula, halafu anainama juu ya silinda ndogo ili mtoto wake awe na wimbo ambao hakuna mwingine duniani anao. Alama yake tuliikuta nyuma ya bamba, chini ya za wenzake wa ng'ambo, nayo haikuona haya kukaa pale.

Lakini vile vimisumari vilikuwa vimepondeka na kung'oka. Hayo yalitokea miaka ile mibaya tusiyopenda kuizungumza, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa katika mji huu na watu waliokuwa wakila nao sahani moja. Waliofukuza walikuwa watu wa kwetu, mwanangu. Wa kwangu na wa kwako. Familia ya Kabeya iliiviringisha saa ndani ya godoro na kuipakia kwenye treni pamoja na masufuria na watoto, na waliporudi baada ya hali kupoa, saa ilikuwa ikitembea vizuri lakini wimbo haumo. Mama Mbombo hakutaka itengenezwe. "Wimbo ilikufaka mu treni," alimwambia mumewe, akageukia kazi zake. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mumewe aliileta kwetu kwa ukaidi wake mwenyewe.

Siku aliyoileta alifuatana na binti yao, Ngalula, aliyekuwa ameshika ufunguo wa saa kiganjani kama kifaranga. Basi, mimi nilikwisha. Tangu siku hiyo nilidai kwamba saa haiwezi kuguswa kabla sijapima ukuta itakapotundikwa, na baada ya ukuta nikataka kupima unyevu, na baada ya unyevu nikapima sijui nini, mradi yote yapimwe nyumbani kwao. Tata Kabeya hakuwa mjinga. Alinitazama nikipima upepo, akatabasamu, akaniletea kiti.

Mimi na Ngalula tulikubaliana. Baba yake akakubali. Baba yangu mdogo akapeleka salamu kama desturi inavyotaka. Likabaki neno la mama, na mama hakukataa wala hakukubali. Kila alipoulizwa alisema, "Ninangojea moyo iseme." Miezi ikapita, moyo haujasema. Bila neno lake hapakuwa na ndoa, maana Ngalula alisema wazi hataolewa huku mama yake analia. Nilimwona Ngalula anakonda. Niliogopa, nakwambia, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Na desturi unaijua, hiyohiyo inayokukera wewe. Mkwe hamtazami mama mkwe. Akija njia hii, wewe unashika ile. Akiingia barazani, wewe unakumbuka ghafla kwamba una kazi nje. Ukishapeleka salamu, hata kabla ya harusi, umeshaingia ndani ya heshima hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja niliyetamani kumwambia kwamba mimi sikushika hata jiwe walipofukuzwa miaka ile, ndiye niliyekatazwa kusimama mbele yake. Niliona ni uonevu. Sasa siuoni hivyo, lakini tusitangulize mambo.

Tata Kabeya ndiye aliyenifungua macho. "Ile saa ikiimba," aliniambia, "ye pia atasema. Mi ninamujua bibi yangu." Vizuri, lakini ni wimbo gani? Nikamwomba aniimbie. Akaimba. Ngalula akamkatiza kwamba sivyo, akaimba wake, na Ngalula, Mungu ambariki, akiimba hata mbuzi wa jirani huhama. Baba na binti wakabishana mpaka chai ikapoa. Wimbo mzima ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja tu.

"Anauvumaka akipika," Tata Kabeya akaninong'oneza. "Weye ikala tu huku inje, sikiliza. Lakini usimuulize kitu, na usitume mutu amuulize. Akijua tunamusikiliza, atafunga kinywa, na tutakosa byote."

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kigoda kile. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma, umeshika joto la mchana, nami niliegemeza mgongo nikahisi joto hilo likiniingia. Kwenye kimeza mbele yangu niliweka saa nyingine, ndogo, ya Tata Kabeya ili nionekane nina shughuli, na chini yake karatasi niliyoichora mistari, kila kengele na mstari wake. Mama Mbombo alipoanza kuvumisha, niliweka nukta. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo kidogo, na haikuimbiwa mtu. Ilipanda, ikazunguka, ikashuka, ikarudi ilikotoka ikiwa imebadilika kidogo. Malori yalipita mbali kwenye barabara ya mgodi. Moshi wa makaa ulivuka juu ya ukuta, na harufu ya bukari, ugali wetu wa huku. Kuna nyakati nilisahau kuweka nukta, nikajiona niko ndani ya karakana na mzee nisiyemjua, taa imewashwa, naye ananionyesha bila kusema pa kuanzia. Nikizinduka, wimbo umekwisha na mama anaita watoto waje kunawa mikono.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingi baadaye. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Karatasi ilijaa. Lakini palikuwa na jambo moja lililonisumbua. Kila siku wimbo ulipokaribia mwisho, ulikatika. Kimya. Kimya kirefu, cha kumtia mtu wasiwasi. Halafu uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ukamalizika vizuri. Leo hivyo, kesho hivyo, mahali palepale.

Nilimpelekea Tata Mwilambwe karatasi yangu, nikaweka kidole juu ya ule uwazi. "Hapa nitaunganisha, Tata. Wimbo haiwezi kusimama mu katikati ya njia."

Alivua miwani. "Weye ulisikia ile kimya, ao hukusikia?"

"Niliisikia. Lakini labda ni kosa. Basi nitazunguka ukuta, nimuulize mara moja tu, mambo iishe."

Sijawahi kumwona akikasirika namna ile, na hakupaza sauti hata kidogo. "Batu balimufukuza mu nyumba yake," alisema. "Sasa weye unataka kumufukuza na mu jiko yake?"

Niliondoa kidole karatasini. Akaendelea kwa upole. "Ule baba alitungia mutoto yake ile wimbo. Hakukutungia weye. Leo utakata kimya, kesho utakata sauti yenye haikupendezi, kisha utamupelekea ule mama wimbo yako, na utasema ni ya baba yake. Weka vile ulisikia. Kama kuko kosa, mwenyewe atakuambia."

Sikio halipiti kichwa. Nilirudi mezani kwangu. Vimisumari nilivikata kutoka kwenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, maana chuma chake ni kigumu na chembamba, na nikavipanda kimoja kimoja, nikishusha pumzi katikati ya kimoja na kingine. Kazi hiyo haitaki haraka wala mawazo mengine, na nadhani ndiyo sababu mafundi wa saa wengi huonekana kama watu waliosinzia. Nilipofika kwenye kile kimya niliacha uwanda mtupu wa shaba, unang'aa, hauna kitu. Mkono uliniwasha kuujaza. Sikuujaza.

Saa ilirudishwa Jumapili moja baada ya ibada, na Tata Kabeya, kwa ujanja wake, alikuwa amewaalika wazee wa pande zote mbili siku hiyohiyo waje kusikia neno la mwisho la mama. Baba yangu mdogo alivaa koti la harusi yake. Sisi wanaume tulikaa barazani, Ngalula akiwa kando ya baba yake, Mama Mbombo akabaki jikoni na akina mama wenzake, ukuta ukiwa kati yetu. Hakuambiwa kitu kuhusu wimbo. Alijua tu kwamba saa imerudi kutoka kusafishwa. Nilitazama mikono yangu wakati wote, kwa sababu nikimtazama Ngalula nilishindwa kupumua.

Saa ikafika wakati wake. Kengele zikaanza.

Baraza lote likanyamaza. Tata Kabeya akafumba macho. Kule jikoni, mazungumzo ya akina mama yakafifia, sauti moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki kengele peke yake. Wimbo ukapanda, ukazunguka, ukashuka. Ukarudi. Ukakaribia mwisho. Ukasimama.

Baba yangu mdogo akaniinamia sikioni: "Imekufa?" Mzee mmoja akakohoa kwa aibu, akinionea huruma. Nilijua kwamba silinda bado inazunguka, kwamba uwanda ule mtupu unapita, lakini nani angeniamini? Nilimwona Ngalula ameshika mdomo. Ule muda ulikuwa mrefu, mwanangu, mpaka leo sina hakika kama nimetoka ndani yake kabisa. Kisha kengele zikaendelea, zikamaliza wimbo, taratibu, kama hakuna kilichotokea.

Nyuma ya ukuta mtu akaangua kicheko.

Hakikuwa kicheko cha heshima. Kilikuwa cha mtu aliyeshika mbavu, cha machozi, kinachopanda na kukatika na kuanza tena, na mara katikati yake kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Ngalula aliniambia baadaye kwamba hakuwa amesikia mama yake akicheka hivyo tangu walipopanda treni ile.

"Kabeya!" Mama Mbombo akaita kutoka jikoni. "Ambia ule kijana! Baba yangu hakuwekaka kimya pale! Ile ni bukari!"

Watu wakatazamana.

"Ni bukari, ninakuambia! Ninaanzaka wimbo nikitia bunga. Nikifika pale, bukari inakaza, ninafunga pumuzi, ninaizungusha na nguvu. Kisha ninaendelea. Yesu wangu, ameweka na mwiko yangu mule ndani!"

Sasa baraza zima lilikuwa likicheka, hata yule mzee wa kikohozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua siku zote kwamba anapika, lakini kijana aliyezoea kuletewa sahani mezani angejua wapi kwamba bukari hufika mahali ikamnyang'anya mpishi pumzi? Hata Tata Mwilambwe hakujua, na ndiye aliyenikataza kuugusa uwanda ule. Niliinama, nikasema kwa sauti niliyoweza kuipata, "Tata Kabeya, mumuambie mama anisamehe. Kesho nitajaza."

Kicheko cha jikoni kikakoma. "Asijaze," alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi chini, ile niliyoijua. "Iache vile. Baba yangu iko mule, na mi niko mule." Nilisikia akipenga kamasi. "Mi nilifikiri batu ya huku habasikiaka. Huyu alisikia mpaka pumuzi yangu. Kabeya, ambia bale bazee, moyo imesema."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke, kwa kosa ambalo sikulisahihisha. Ngalula alipita katikati ya wazee wote akaenda kumkumbatia mama yake, nami nikabaki nimekaa, nikilia mbele ya watu bila kujificha.

Miaka mingi tuliyoishi jirani, mimi na Mama Mbombo hatukutazamana. Tuliongea mno, lakini kwa njia ya mlango ulioegeshwa, au ukuta, au yeye amenipa mgongo akichambua maharage uani nami nimeketi ng'ambo ya mti wa mparachichi. Alinisimulia safari ya treni, kituo baada ya kituo. Alinisimulia baba yake. Mambo mengine, nadhani, asingeweza kuyasema akitazamwa, na mimi nisingeweza kuyapokea. Alinifundisha hata kusonga bukari, akipaza sauti kutoka chumbani, akijua kwa mlio wa mwiko kwamba nakosea. Alipofariki, wakaniruhusu niingie kumuaga, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho. Nilimkuta mama nisiyemjua. Ilinibidi nifumbe macho ndipo nimwone.

Sasa nisikilize, mwanangu. Hutaki kungoja mbele ya ukuta wa Fungurume kwa sababu unadhani ukuta ni kukataliwa. Sikuambii kwamba kila ukuta ni mzuri, wala kwamba kila anayenyamaza mwishoni atasema. Nakuambia hivi: usimfukuze mtu jikoni mwake kwa sababu wewe una haraka ya kueleweka. Kaa mahali uliporuhusiwa kukaa. Sikiliza. Na ukisikia kitu usichokielewa katika maisha ya wale unaotaka wawe wako, kimya, ukali, jambo lililokatika katikati, usikimbilie kulinyoosha lifanane na akili yako. Libebe kama ulivyolikuta, mpaka mwenyewe akuambie ni nini. Huenda ni jeraha. Huenda ni bukari tu. Wewe hujui, na kutojua si aibu, aibu ni kujaza. Hayo mafundi wa saa waliyajua kabla yangu, kila mmoja akifungua kazi ya mwenzake kwa adabu, na ndiyo sababu kitu kilichoundwa na mikono iliyokufa bado kinaimba katika nyumba za walio hai.

Haya, maliza chai. Ukifika huko, muulize baba wa binti kama ana kitu kilichovunjika. Kila nyumba ina kitu kilichovunjika.

Mungu akufikishe salama. Akupe masikio mapana na mdomo mvivu. Akupe mke atakayekucheka bila kukudharau, na mama mkwe ambaye siku moja, nyuma ya ukuta wake, atahesabu sahani za chakula na kulitaja jina lako pamoja na majina ya wanawe.